Siku Tisa za Kumsikia Baba

Baba yangu alikuwa mtu asiyesikika. Sisemi mpole, maana wapole nao husikika, nasema asiyesikika. Alihudumu mezani katika hoteli moja ya Diani kwa miaka ishirini na mbili, na kazi yenyewe, kama alivyotueleza, ilikuwa mgeni aone sahani imebadilika asiuone mkono ulioibadilisha. Alivaa raba nyeusi zenye soli laini. Alijifunza kuweka kijiko juu ya kioo kama mtu anayemlaza mtoto mchanga. Aliyojifunza kule hakuyaacha langoni wakati wa kutoka. Aliyaleta kwetu Mwabungo, na sisi watoto tukalelewa kwayo. Kikombe hakikugongana na kisahani. Kiti hakikuburutwa, kiliinuliwa. Kuna majirani waliopita nje wakadhani tumesafiri.

Nikiikumbuka nyumba ile sasa naiona kama iko chini ya maji. Mwanga wa asubuhi unaingia dirishani taratibu, vumbi linaelea ndani yake bila haraka, mama anapita na leso yake ya manjano, na hapana sauti isipokuwa ile ya nazi ikikunwa uani. Sijui kama kweli palikuwa hivyo kila siku. Ndivyo palivyobaki kichwani mwangu.

Baba akirudi kazini hukumsikia. Uligeuka tu ukamkuta amesimama nyuma yako, shati jeupe, mkate mkononi, amekwisha kutoa salamu kitambo kwa sauti ambayo labda malaika waliisikia. Mama alishtuka kila siku ya ndoa yake. "Bismillahi," alisema, mkono kifuani, na pengine mwiko ulimponyoka. Baba aliomba radhi, mama akasema si neno, na kesho yake yakawa yale yale. Aliwahi kuniambia kwamba yeye ameolewa na paka, ila paka angalau hulia akiwa na njaa.

Miaka ile ya mwisho ya tisini wageni waliadimika Diani. Kulikuwa na siku ambazo weita walikuwa wengi kuliko wanaokula. Baba akapewa kiinua mgongo chake na mkono wa kwaheri, akaenda Mombasa, akarudi na pikapu iliyokuwa imezeeka mikononi mwa watu wengine. Ilikuwa nyeupe hapo zamani. Akaanza kununua nazi na mihogo upande wa Ramisi na Msambweni na kuipeleka Ukunda kuuza. Pikapu nayo aliiendesha kama mtu aliyebeba supu. Akifika pale njia yetu inapoachana na lami na kuanza kuteremka, alizima injini akaiacha ijiteremkie yenyewe hadi uani, ili asiwasumbue watu. Mama akashtuka vile vile.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilifanya kazi katika ofisi ndogo ya kupiga chapa pale Ukunda, chumba kimoja chenye mashine mbili na kalenda ya duka la simenti. Jioni baba alinipitia, tukarudi pamoja, isipokuwa siku alizochelewa huko kwenye mihogo yake. Wenzangu wawili pale ofisini walikuwa watoto wa bara waliofuata kazi za hoteli wakazikosa. Walikuwa wachangamfu, wajuaji, na mimi niliwaogopa kwa namna ambayo ningeikana kama mtu angeniuliza.

Mvua kubwa ilikuwa imeichimba barabara, na mashimo yalibaki muda mrefu baada ya maji kukauka. Katika shimo mojawapo, karibu na Msambweni, sailensa ya pikapu ilikatika. Baba aliisikia ikiburutika, akasimama, akarudi nyuma kwa miguu kuiokota. Ilikuwa imepasuka vipande viwili na kutu imeila hadi ndani. Akaitupa juu ya nazi, akawasha gari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake baba yangu akapiga kelele.

Siku ile nilikuwa nyumbani. Tulianza kusikia ngurumo mbali sana, upande wa kusini, na mama akatazama juu akidhani ni mvua. Ngurumo ikaja, ikapungua, ikaja tena. Ikasimama kidogo, labda dukani, ikaendelea. Ilipoacha lami tukaisikia ndani ya matumbo yetu. Kuku walikimbilia nyuma ya choo. Baba akateremka pikapuni, akatuangalia sote tuliosimama nje, akasema, "Samahanini." Jirani yetu mzee alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na watu wakacheka juma zima.

Jirani mwingine, mtu wa kujua kila kitu, alijitolea kututengenezea. Akachukua mkebe wa samli, akautoboa, akaushindilia makumbi ya nazi yaliyolowa maji, akaufunga kwa waya kwenye bomba la moshi. Makumbi, alisema, hula sauti. Ni kweli yalikula sauti, kwa maili mbili. Kisha yakakauka, kisha yakashika moto, na baba akaingia Ukunda na moshi mweupe nyuma yake, pikapu inanuka kama jiko la harusi. Wanawake sokoni walimwuliza anapika nini. Akaukata ule waya, akautupa mkebe, akarudi na ngurumo yake.

Siku zote zilikuwa tisa, tangu sailensa ilipokatika hadi tulipokwenda kwa fundi. Nimezihesabu mara nyingi.

Siku ya tatu au ya nne nilianza kuona kitu kwa mama. Jioni ambazo baba alichelewa kwenye mihogo nami nikatangulia kurudi, tukiwa uani, aliinua kichwa kabla sijasikia chochote. Sikio lake lilikuwa limeshajifunza. Aliacha alichokuwa akifanya, akaweka sufuria ya chai mekoni, akaingia ndani. Alipotoka uso ulikuwa umenawa, leso imebadilishwa, na siku moja nikamwona amechomeka asumini kwenye nywele. Akasimama mlangoni. Hakukaa, hakushika kazi yoyote, alisimama tu akisikiliza, na macho yake yalikuwa yametulia mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Amefika msikitini," alisema, kwa kujisemea mwenyewe. Halafu, "Huyo amesimama dukani. Atakuwa anachukua mkate." Halafu, "Ameanza kuteremka."

Baba alipoingia uani alimkuta pale. Nakumbuka namna alivyoinamisha uso, kama mtu aliyepewa kiti cha mbele harusini na hakukitarajia. Miaka ishirini na mbili alikuwa amepokea watu wengine, kuwavutia viti, kuwamiminia maji. Sasa yeye anapokewa. Akaketi, akapewa chai ya moto, akainywa polepole, na mama akaketi kando yake wakazungumza mambo ya bei ya nazi. Hakuna aliyeshtuka. Niliwatazama kutoka dirishani na nilihisi furaha, naisema wazi, nilihisi furaha kubwa kwa ajili yao. Halafu asubuhi ilifika, nikapanda pikapu ile ile kwenda kazini, na furaha ikaniisha.

Maana kazini ilikuwa balaa. Tukikaribia Ukunda watu waligeuka. Pikapu ilisimama mbele ya ofisi, madirisha yakatetemeka, nami nikateremka na mkoba wangu mdogo na viatu vyangu vya kisigino. Wenzangu walikuwa wamejipanga mlangoni.

"Buda yako leo amekuja na helikopta ama tingatinga?" mmoja aliuliza.

"Wacha madharau," mwingine alisema. "Hiyo ni ndege. Imekosa tu mabawa."

Nilicheka nao. Nilicheka sana, kuliko wao, na nikakaa mbele ya mashine yangu masikio yakiwaka moto. Nilimwonea baba haya. Mtu aliyenilea bila kuniinulia sauti, nilimwonea haya kwa sababu ya tundu kwenye bomba.

Ndipo ikaja habari ya hoteli. Mtunza stoo wa ile hoteli ya zamani ya baba alimwambia angependa awaletee nazi na matunda kila asubuhi, lakini gari lenye kelele haliingii getini, wageni bado wamelala. Akatengeneze kwanza. Baba hakuonekana kuichangamkia sana. Alisema atafikiri. Mimi ndiye niliyeichangamkia. Nilisema ni bahati, nilisema riziki haisukumwi, nilisema mengi. Mwishowe akakubali kwamba Jumamosi twende kwa fundi.

"Utakuja nami," aliniambia. "Mimi nitakuwa ndani ya gari, siwezi kujua nje inasikikaje. Nataka mtu wa kusikiliza."

Jumamosi asubuhi mama aliniita uani. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na hakuacha kukuna alipokuwa akisema nami, nadhani ili asilazimike kunitazama.

"Nina neno," alisema. "Na neno hili likitoka hapa utakuwa umenivua nguo."

Nikamwambia haliwezi kutoka.

"Huko kwa fundi, mchague ile yenye sauti."

Sikuelewa, au nilijifanya sielewi. Akaendelea kukuna. Kisha akaniambia, kwa sentensi fupi fupi, kwamba tangu aolewe hajawahi kujua mumewe anakuja saa ngapi. Mumewe hutokea. Daima yeye hukutwa: amekutwa na nywele timtimu, amekutwa analia msiba wa mamake, amekutwa anajisemea. Hajawahi hata siku moja kujiandaa kumpokea. Sasa zile siku nane anamsikia tangu mbali, anamfuata njia nzima kwa sikio, na akifika anakuwa tayari. "Najihisi nimeolewa juzi," alisema, na hapo nilimwona anatabasamu chini, kwenye nazi iliyokunwa.

"Basi mwambie awe anapiga honi akifika njia panda," nilisema. Nilidhani nimemaliza kazi.

"Honi huita," alisema mama. "Mimi sitaki kuitwa. Nataka nimsikie akija, na yeye hajui kama namsikia. Akijua, hata hiyo kelele itakuwa honi. Wanifahamu?"

"Nakufahamu, mama."

"Usimwambie."

"Sitamwambia."

Akanipa kiganja cha nazi iliyokunwa nitafune, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, nami nikaenda.

Fundi alikuwa mtu wa bara, mwenye kifua kipana na miwani ya kuchomelea aliyoipandisha kwenye paji la uso. Karakana yake, pale pale Ukunda, ilikuwa mabati manne juu ya nguzo, na chini ya mabati sailensa zilining'inia kwa kamba, kubwa na ndogo, nyingine mpya zinang'aa, nyingine nyeusi zilizong'olewa kwenye magari yaliyokufa. Upepo wa bahari uliingia kutoka upande wa Diani ukazigusa, zikageuka geuka polepole na kugongana kwa sauti ya chini. Nilisimama katikati yake na kwa muda nilisahau nimekuja kufanya nini.

Baba alipita akizigonga moja moja kwa ukucha wa kidole cha shahada, kichwa amekiinamisha. Nilijua anachofanya. Ndivyo alivyopima glasi hotelini kabla ya kuzipanga, kutafuta ile yenye ufa usioonekana. Fundi alimtazama kwa mshangao, kisha kwa heshima.

"Mzee, wewe una sikio," alisema. "Wengine huja hapa wanachagua kwa macho, kama viatu."

Akateremsha mbili. "Hii ni ya Japani, imetoka kwa gari lililopinduka, lakini yenyewe haikuguswa. Nzito. Ndani ina vyumba vitatu. Ukiifunga hii utasahau kama gari linawaka. Na chumvi ya huku haitaiweza, utaiachia wajukuu." Akaigeuza ya pili, iliyokuwa nyepesi, imechomelewa kwa mkono, mishono yake minene. "Hii nimeiunda mwenyewe. Iko na sauti ya mwanaume. Si kelele, ni sauti. Lakini sitakudanganya, mwaka mmoja, miwili, chumvi itaanza kuila, na itazidi kupiga."

Bei zilikaribiana, kwa hiyo pesa haikuwa na neno pale. Fundi alisema atazifunga kwa waya kwanza, moja baada ya nyingine, baba aende nayo hadi njia ya Mwabungo na kurudi, na mimi nibaki nisikilize. Ndivyo alivyofanya na wateja wake wote. Hakumfungia mtu sailensa asiyoisikia ikiondoka na kurudi.

Ilianza ile aliyoiunda mwenyewe. Baba akatoka nayo. Nilifumba macho, kwa sababu nilitaka kutimiza ahadi, angalau hapo mwanzo nilitaka. Ilikuwa sauti nene, ya chini, haikukwaruza. Niliisikia ikipita soko, ikipita kituo cha mafuta, nikasikia gia ikibadilishwa, ikawa ndogo, ikawa kama nyuki ndani ya chupa, na bado niliisikia. Nilimwona baba kwa masikio. Nilijua alipopunguza mwendo kumpisha mtu wa baiskeli. Nilijua alipogeuza. Kisha akaanza kurudi, na kitu kikanipanda kifuani pole pole kadiri sauti ilivyokua, na nikafahamu hasa mama alikuwa akisema nini. Unapomsikia mtu anakuja kwa muda wote ule, anakuwa ameshafika zamani kabla hajafika.

Nilipofumbua macho, mmoja wa wale wenzangu wa ofisini alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na soda mkononi. Alikuwa ananiangalia. Akaelekeza kidole kwenye pikapu iliyokuwa ikiingia, akapanua mikono kama mabawa, akacheka, akaenda zake.

Ikafungwa ya Japani. Baba akatoka nayo. Ilipofika sokoni sikusikia kitu tena. Nilisikia soko, redio, mtu anapiga nyundo, na sehemu aliyokuwa baba ikawa tupu, kama ameondoka duniani. Sikujua yuko wapi. Nikageuka kumwuliza fundi jambo, na nilipogeuka tena pikapu ilikuwa imesimama mbele yangu na baba anateremka. Nikashtuka, na mkono ukaenda kifuani wenyewe.

"Haya," alisema baba. "Ipi?"

Nilikuwa na nafasi. Naijua nafasi ile kwa urefu na upana wake. Fundi alikuwa anafuta mikono, baba alikuwa ananitazama kwa macho yake ya subira, na njia nzima ilikuwa wazi mbele ya ulimi wangu.

"Hii," nilisema. "Ya Japani. Kwa ajili ya hoteli."

Baba akaigusa ile nyingine tena kwa ukucha. Nadhani aliipenda. "Mamako hakusema lolote?"

"Hakusema kitu."

Hoteli ilikuwa sababu ya kusemwa mbele za watu. Sababu ya kweli ilikuwa soda na mikono iliyopanuliwa. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na nimefanya makosa makubwa kuliko kuchagua chuma, lakini hakuna ninaloliona dogo na chafu kama lile.

Jioni ile baba aliingia uani. Mama alikuwa anaosha vyombo, mgongo ameugeuzia njia, nywele hazijafungwa, maana kwake saa ya baba ilikuwa bado. "Bismillahi," alisema. Sahani ya bati ilianguka ikazunguka sakafuni kwa muda mrefu sana. Baba akaomba radhi. Mama akasema si neno, akaiokota sahani, na alipoinuka alinitazama mara moja tu. Hakuniuliza. Sikumweleza. Nilidhani atanigombeza, nikangoja ugomvi siku mbili tatu, lakini haukuja, na ningeupenda kuliko ule ukimya.

Kazi ya hoteli haikumaliza miezi mitatu. Hoteli isiyo na wageni hainunui nazi. Baba akarudi kwenye mihogo yake na pikapu iliyokuwa kimya kama yeye, na mimi sikuwa tena hata na kisingizio.

Miezi ikapita. Wenzangu wa ofisini wakapata jambo jingine la kuchekea, kisha mmoja akarudi bara na mwingine akaolewa, na nikabaki na mashine mbili peke yangu. Ndipo nilipogundua kwamba baba anachelewa. Awali alinipitia saa kumi na moja. Ikawa saa kumi na moja na nusu. Ikawa jua linakaribia kuzama. Nikamwuliza kama kuna tabu na gari, akasema hapana.

Jioni moja tulikuwa tunatoka Ukunda, jua limelala juu ya minazi na barabara yote ina rangi ya chai. Ndani ya pikapu ile ulisikia mpaka saa ya mkononi. Baba aliendesha taratibu kuliko kawaida, na bila kunigeukia akasema, "Nikuulize kitu cha kikubwa?"

"Niulize, baba."

"Mamako nimemkosea nini?"

Nikasema, sijui kama umemkosea.

"Kuna wakati," alisema, "pale gari lilipoharibika, alikuwa ananipokea. Unakumbuka? Nikifika namkuta mlangoni, amejipamba. Chai iko tayari. Nikafikiri, kumbe, mtu akiacha kazi ya watu akaja kukaa kwake, mke humwona upya. Nilishukuru Mungu. Nilisema laiti ningeacha zamani." Akabadilisha gia, na sikuisikia. "Kisha akaacha. Ghafla, kama aliyekata kamba. Sasa akiniona hushtuka kama zamani, naona ni zaidi ya zamani. Nimejipekua, sikioni kosa langu. Nikasema basi amenichoka. Ndiyo maana nakaa pale kituo cha mafuta mpaka jua lipungue. Nampunguzia kuniona."

Nilitazama mbele. Nilikuwa nimeahidi kutosema, na kwa kutosema wawili hawa walikuwa wanapoteana ndani ya nyumba moja. Nikasema. Nilimwambia yote: asumini, msikiti, duka, honi, kiganja cha nazi, mtu wa soda. Nilimwambia kwamba mama alitaka ile nyingine na mimi nikasema hakusema kitu. Nililia nikisema, na sauti yangu ilijaa ndani ya gari ikawa kubwa mno.

Baba hakunikemea. Alisimamisha pikapu kando ya barabara, akaweka mikono yote miwili juu ya usukani, akakaa. Ng'ombe watatu walivuka. Akasema, "Kumbe alikuwa ananisikia." Akarudia tena, "Kumbe ananisikia," kama mtu anayesoma barua aliyocheleweshewa.

Tulipofika nyumbani hakuzima injini pale kwenye mteremko. Hilo halikusaidia kitu, injini haikusikika hata hivyo. Mama alikuwa uani anachambua mchele. Akashtuka, akataja jina la Mungu, naye baba, mtu ambaye sikuwahi kumwona ameketi chini na shati la kutokea, akaketi hapo hapo kwenye mkeka, ng'ambo ya ungo.

"Kesho nitairudisha kwa fundi," alisema. "Nitachukua ile nyingine."

Mama aliacha kuchambua. Alimtazama baba kwa muda, kwa upole, na kidole chake kikamtoa punje ya mchele iliyomrukia kwenye mkono wa shati. "Usiirudishe," alisema. "Sasa unajua."

"Nilidhani umenichoka."

"Sikukuchoka. Nitakuchokaje, na hata kukuona huwa sikuoni ukija?"

Wakacheka, wote wawili, chini chini. Baba alikaa pale hadi adhana, na toka siku ile hakukawia tena kituoni. Nataka hilo lijulikane, kwamba walikuwa wazuri baada ya hapo, walizeeka vizuri.

Lakini nilipokwenda kuuchukua ungo, baba akiwa anatia udhu, mama alinishika kifundo cha mkono. Hakukaza.

"Nilikuwa na kitu kimoja changu," alisema. "Umeninyang'anya mara mbili. Mara ya kwanza kwa ile sailensa yako, mara ya pili kwa mdomo."

Nikamwambia, mama, alikuwa anadhani humtaki, ningefanyaje. Akasema anajua. Akasema hata yeye angesema. Kisha akauachia mkono wangu, akanipa ungo, akaniambia niutie mchele majini kabla giza halijaingia.